Tumefundishwa kushona, bei hatukufundishwa

Barua ya wazi kwa mawaziri wenye dhamana ya elimu, viwanda na sanaa, kwa wanaopitisha mitaala ya vyuo vya ufundi, na kwa wakuu wa vyuo vya ubunifu wa mitindo

Waheshimiwa, wazazi wangu na walimu wangu,

Shikamooni.

Nawaandikia nikiwa nimebakiza wiki tisa kumaliza stashahada ya ubunifu wa mitindo hapa Dar es Salaam. Gauni la onyesho la mwisho linaning'inia mlangoni, bado halijapindwa. Kwenye kurasa za nyuma za daftari langu la michoro kuna hesabu inayoninyima usingizi tangu Februari. Naomba nianze nayo, maana mengine yote nitakayoyasema yanatoka humo.

Lilikuwa gauni la kitenge. Mteja alinipata mtandaoni, dada mmoja wa Tabata aliyelitaka kwa ajili ya send-off ya mdogo wake. Kitenge nilinunua Kariakoo kwa shilingi 18,000. Bitana 6,000. Zipu na uzi 2,000. Sina mashine ya ovaloki, ile ya kufunga kingo za kitambaa zisichanike nyuzi, kwa hiyo nilipeleka kwa fundi wa jirani, 2,000. Daladala kwenda na kurudi, 1,200. Umeme nilikadiria 1,000. Bando la kuchati naye na kumtumia picha, 2,000. Bodaboda ya kumpelekea mzigo, 4,000, kwa kuwa nilikuwa nimemwambia bei ni pamoja na usafiri bila hata kufikiri. Jumla 36,200. Nilimuuzia 45,000, zikabaki 8,800. Kisha nikahesabu saa: kupima, kukata, kushona, kumsubiri aje ajaribu, kufumua kiuno na kukirudia. Saa 11. Hiyo ni shilingi 800 kwa saa, na hapo sijatenga hata senti kwa ajili ya cherehani ambayo ipo siku itagoma.

Yule dada hakunidhulumu. Aliuliza bei, nami nikataja ya kwanza iliyonijia mdomoni kwa kuogopa asije akakimbia. Katika miaka mitatu nimefundishwa kuchora umbo la mwanamitindo lenye urefu wa vichwa tisa, kukata pateni za mikono ya kila aina, rangi zinazoendana na zinazopingana, na historia ya mavazi ya Ulaya tangu Ugiriki ya kale. Somo la ujasiriamali tulikuwa nalo, muhula mmoja. Tuliandika mpango wa biashara wa kiwanda cha juisi kwa sababu ndio mfano uliokuwa kwenye notsi. Hakuna siku mwalimu alituambia leo leteni risiti zenu, tukae chini tutafute bei ya hili gauni.

Najua wapo watakaosema tatizo letu ni mtumba. Mimi naomba nisihesabiwe upande huo. Mama yangu ameuza mitumba Karume tangu sijaanza shule, na ada yangu ya kwanza ilitoka kwenye belo la nguo za watoto. Mwaka 2016 wakuu wa nchi za Afrika Mashariki walipokubaliana kuziondoa nguo za mtumba sokoni ndani ya miaka mitatu, nilikuwa darasa la saba. Mama alianza kuweka na ndala pembeni ya meza ili siku ikifika asibaki mikono mitupu. Yaliyofuata mnayajua kuliko mimi. Wafanyabiashara wa nguo hizo kule Marekani walipeleka malalamiko kwa serikali yao, Kenya ikajitoa mapema, sisi na Uganda tukalegeza, Rwanda ikashikilia ushuru wake na mwaka 2018 ikasimamishiwa nafasi ya kuuza nguo Marekani bila ushuru. Januari 2022 soko la Karume liliungua, meza ya mama ikaungua nalo. Alianza upya kwa belo la mkopo. Siwezi kuandika barua ya kuomba mkono wake ukatwe ili wangu ushibe.

Ninachoomba mkione ni kwamba mteja wangu, kabla hajanitumia ujumbe, ameshapita kwenye meza kama ya mama akashika gauni la 5,000 lenye bitana ndani na zipu isiyokwama. Amepita pia kwenye maduka ya Kariakoo yenye magauni kutoka China na Uturuki, kila saizi ipo, anavaa anaondoka. Mimi namwambia alipe zaidi na asubiri siku nne. Ili akubali, lazima niwe na jambo la kumwambia, na bei yangu iwe na maelezo ninayoweza kuyatoa nikiwa nimemtazama machoni.

Mama anaweza. Belo likifunguliwa asubuhi, gredi ya kwanza ina bei yake na hashuki. Ikifika saa nane anajua mtaji umerudi kiasi gani, anaanza kushusha. Jioni anamwaga zilizobaki chini na kuita buku, buku. Nimekaa pembeni yake nikamwona akikataa pesa ya mtu saa nne asubuhi, na kuipokea hiyo hiyo saa kumi na moja, na mara zote mbili alikuwa sahihi. Elimu yake ni darasa la saba. Niliwahi kumwomba mwalimu mmoja tumwalike darasani kwa saa moja tu aje azungumze. Nilijibiwa kwamba wageni wa darasa lazima wawe na sifa za kitaaluma.

Soko lenyewe limehamia kwenye simu, na huko mitaala yetu haijafika. Bado tunajibu mitihani kuhusu matangazo ya magazeti na mabango. Yanayouza leo nimejifunza usiku, peke yangu, kwa kukosea. Mwaka jana nililipa 60,000 nipigwe picha za studio, taa na pazia jeupe. Zilileta wateja wawili. Baadaye nilijirekodi kwa simu nikifumua mkono wa gauni nilioushona kinyume, nikaeleza kosa lilipotokea na namna ya kulirekebisha. Oda tano ndani ya wiki moja. Nilishangaa, kisha nikaelewa: wanunuzi wa mtandaoni wameumizwa. Wengine walituma pesa, ukurasa ukapotea. Wengine waliletewa nguo isiyofanana na picha hata kidogo. Wakiona mikono yangu na cherehani yangu, wakisikia na kelele za mtaa wetu nyuma, wanajua wanamnunulia mtu aliyepo.

Kisha kuna hii desturi ya "bei njoo DM". Wengi wetu tumeirithi bila kuihoji. Muuzaji haandiki bei ili aone kwanza anayeuliza ni nani, apitie picha zake, akisie mfuko wake. Nami nilifanya hivyo muhula mzima. Siku nilipogundua kwamba nimewatajia binamu wawili bei mbili tofauti kwa gauni moja, niliona aibu, nikaacha. Sasa kila picha ina bei yake chini, na idadi ya siku za kushona. Waliokuwa wakiuliza walipungua karibu nusu, lakini oda hazikupungua. Waliopotea ni wale waliokuwa wananimalizia bando. Jambo dogo kama hili lingetosha kuwa kipindi kizima darasani, na wanafunzi wangetoka nalo kichwani maisha yao yote.

Mmoja wa watu wenye wafuasi wengi alinitaka nimpe gauni bure na laki na nusu juu yake, aposti mara moja. Nilirudi kwenye daftari. Laki na nusu pamoja na gharama za gauni ni 186,200. Kwa faida yangu ya 8,800, ningehitaji kuuza magauni 22 mapya ndipo nirudi nilipokuwa. Nilikataa kwa heshima. Wenzangu wawili walikubali ofa za namna hiyo, mmoja kwa pesa ya ada. Sikuwa na ujasiri wa kuwauliza walipata nini, ila mmoja ameacha chuo.

Mwishoni mwa Oktoba 2025 intaneti ilipozimwa nchini kwa siku kadhaa, duka langu lilifungwa nayo. Nilikuwa na magauni mawili ya harusi yaliyokwisha na namba za wenyewe ziko ndani ya programu isiyofunguka. Tangu hapo naandika kila namba kwenye daftari. Lakini nawaomba wenye maamuzi ya aina ile mkumbuke kwamba kuna biashara ambazo mlango wake pekee ni simu.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba elimu hii ya kuuza mavazi ipo katika nyumba zetu tangu enzi za bibi zetu, na chuo kinapita juu yake kama haipo. Chukueni kanga. Ina pindo, ina mji wa katikati, ina jina, yale maneno yaliyoandikwa juu yake. Mwanamke akifika dukani hutazama rangi, ndiyo, lakini mkono wake huenda kwenye jina. Anasoma. Akikuta maneno yanayomsemea jambo lake, kwa mkwe, kwa jirani, kwa mume, analipa bila ubishi mwingi. Kule Mombasa familia ya Kaderdina Hajee Essak iko kwenye biashara ya kanga tangu 1887, na alama yake, Mali ya Abdulla, watu wanaitambua bila mtu kuwaonyesha. Hapo kuna chapa, kuna ujumbe, kuna kumjua mteja, kuna bidhaa inayomfanya mteja mmoja arudi kila jina jipya linapotoka. Nilipoanza kuandika chini ya nguo zangu maneno mafupi ya namna ya kanga badala ya orodha ya vitambaa na saizi, watu walianza kuyanukuu kwenye WhatsApp zao, na jina langu likasafiri nayo. Darasani tulijifunza chapa kwa mifano ya Paris na Milan. Sina ugomvi nayo. Ila mwanafunzi anayetoka hapa bila kuweza kueleza kwa nini kanga inauzika ameibiwa urithi, na mimi nimeupata kwa bahati tu, kwa kuwa bibi yangu alikuwa na sanduku lake la kanga.

Sasa limekuja hili la picha za akili mnemba. Mwaka huu pekee nimeletewa picha sita za magauni ambayo hakuna binadamu aliyewahi kuyashona. Mkono unaanzia katikati ya mgongo. Kitenge kimoja kina michoro mitatu tofauti bila mshono wa kuiunganisha. Pindo linaelea hewani. Mteja amependa, ameshawaonyesha mashoga zake, na mimi ndiye ninayeonekana sijui kazi nikimwambia haiwezekani. Kurasa za mishono zimejaa picha hizi, na zinachanganywa na picha za kazi zetu halisi ambazo huchukuliwa bila jina. Gauni langu moja la mwaka wa pili nililikuta limewekwa hivyo, na baada ya mwezi duka moja kubwa kuliko mimi lilikuwa linalishona. Nilijua BRELA inasajili majina ya biashara na alama, nikajua COSOTA inahusika na hakimiliki, lakini kipi kinalinda mshono na kipi hakilindi, na nianzie dirisha gani, hilo sikuwahi kuelezwa na mtu yeyote katika jengo ninalolilipia ada.

Rafiki yangu anayejitegemea kwa kazi ya uanamitindo ana wasiwasi mkubwa kuliko wangu. Mwaka 2025 H&M, kampuni kubwa ya mavazi ya Sweden, ilitangaza kutengeneza nakala za kidijitali za wanamitindo 30, kwa ridhaa yao. Yeye tayari ameombwa na muuzaji mmoja wa hapa mjini apigwe picha mara moja kwa 30,000, halafu sura yake ivalishwe nguo zote zitakazokuja, bila mkataba wowote. Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Nani atamweleza binti wa miaka 20 kwamba sura yake ni mali yake?

Ukienda kwenye kitambaa chenyewe, mambo hayajawa mepesi. Shangazi yangu analima pamba Bariadi. Sehemu kubwa ya pamba ya Kanda ya Ziwa huondoka nchini ikiwa marobota, haijasokotwa wala kufumwa, na mimi mpwa wake naenda Kariakoo kununua kitenge kilichotoka ng'ambo. Kila nikienda huko napita mbele ya Urafiki, pale Ubungo, kiwanda kilichofunguliwa mwaka 1968 kwa msaada wa China. Nimepita hapo miaka mitatu. Katika miaka hiyo mitatu chuo hakijatupeleka kuona uzi ukifumwa katika kiwanda chochote. Mbunifu ambaye hajui kitambaa kinagharimu nini kufumwa atapangaje bei? Mafunzo yangu ya vitendo ya wiki nane nilipelekwa kwenye duka moja la mitindo. Nilipiga pasi, nilifagia vipande, nilitumwa kununua chai. Fomu ilirudi chuoni na alama 78, na hakuna aliyeuliza nilifanya nini.

Nisiwe mkosefu wa shukrani. Walimu wangu wa kukata na kushona ni mafundi wa kweli. Mmoja wao alinirudisha mara saba kwenye kola ile ile hadi ikalala, na namshukuru kila ninaposhona shati. Majukwaa nayo yapo. Swahili Fashion Week ipo tangu 2008 na imewafungulia njia wengi tunaowatazama. Lakini makofi ya jukwaani huisha usiku ule ule, na asubuhi mbunifu anaulizwa bei.

Basi ombi langu kubwa ni hili: bei iwe somo. Lisiwe la muhula mmoja, wala la kiwanda cha juisi. Tangu mwaka wa kwanza, kila nguo mwanafunzi anayokabidhi iambatane na karatasi ya gharama, na karatasi hiyo isahihishwe kwa ukali ule ule wa mshono. Anayefundisha awe ni mtu aliyewahi kuuza nguo. Hata mama yangu. Nasema hivyo nikimaanisha: wekeni utaratibu wa kuwalipa wafanyabiashara wa Karume, Kariakoo na Tandika waje wafundishe, bila kuwadai vyeti ambavyo kazi yao haikuwahi kuvihitaji. Ndani ya somo hilo mtaweka kuuza kwa simu, mikataba, haki ya picha na sura, na usajili. Vyote ni sehemu ya bei.

La pili ni kwenu mnaoshika milango ya serikali. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: nne wanawake, nne vijana, mbili watu wenye ulemavu. Sheria ya manunuzi nayo imetenga asilimia 30 ya zabuni kwa makundi maalumu, na sisi vijana tumo. Fikirieni sare za shule kila Januari, mashuka ya hospitali, makoti ya maabara. Hiyo ni kazi ya cherehani, ina malipo yanayojulikana na haihitaji wafuasi laki moja. Tuko 27 darasani kwetu. Nimewauliza mmoja mmoja: wanne tu ndio waliowahi kusikia kuhusu hiyo asilimia 30, na hakuna aliyewahi kuufungua mfumo wa NeST ambako zabuni hutangazwa. Mikopo inataka kikundi, sisi tunamaliza chuo na kutawanyika, mmoja Mbeya, mwingine Tanga. Kwa nini kikundi kisisajiliwe tukiwa bado pamoja, muhula wa mwisho, afisa maendeleo ya jamii akaja chuoni siku mbili, tukaondoka na katiba, akaunti na somo la kujaza zabuni? Gharama yake ni nauli ya afisa mmoja.

Na viwandani, tuombeeni vitambaa kwa kiasi kidogo. Nimepiga simu mara mbili kutafuta pamba ya hapa nyumbani na mara zote nimeulizwa nahitaji mita elfu ngapi. Mimi nahitaji 30. Wenzangu 26 nao wanahitaji 30 kila mmoja. Duka moja tu la rejareja katika kila mji wenye chuo cha mitindo, linalouza kitambaa cha ndani kwa mita, lingetupa jambo la kumwambia yule mteja aliyetoka kushika gauni la 5,000. Ningemwambia hii ni pamba ya Bariadi, na ningekuwa nasema kweli.

Onyesho letu la mwisho ni baada ya wiki tisa. Nimeshaongea na wenzangu na 19 wamekubali: kila vazi litakalopita litakuwa na kikaratasi kilichoshonwa ndani ya kola, kikionyesha kitambaa kiligharimu kiasi gani, uzi kiasi gani, nauli, umeme, saa ngapi za kazi, na bei tunayoiuza. Changu nimeshakiandika. Kazi yangu nimeipa shilingi 3,000 kwa saa na bei imefika 112,000. Jana nilimsomea mama kwa simu. Alikaa kimya kidogo, akaniuliza zipu ni ya nani, bitana imefika hadi chini au imeishia magotini, halafu akasema usishuke.

Viti vya mbele tumewawekea. Mkifika, tafadhali ombeni kugeuziwa kola.

Wenu mtiifu,

Mwanafunzi wa mwaka wa mwisho, ubunifu wa mitindo
Dar es Salaam